Kutuzwa Ukumbini: Mbinu kwa Watumbuizaji wa Kwa Sadala

Kuanzia katikati ya Desemba, barabara kuu ya Arusha–Moshi hujaa magari yanayorudi nyumbani. Wachaga wa Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na hata Nairobi wanapanda mlimani, na sherehe zinapanda nao: harusi, sendofu, kipaimara, ubatizo, jubilei ya ndoa ya wazee, uzinduzi wa nyumba mpya. Tangu treni ya abiria ya Dar es Salaam–Moshi irudi relini Desemba 2019, wapo wanaoshukia Moshi mjini na mabegi yao, kisha wanamalizia safari kwa Noah. Kwa mtumbuizaji anayekaa Kwa Sadala, pale njia inapochepuka kupanda Masama, wiki hizo chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya kipato cha mwaka.

Nawaandikia wapiga matarumbeta, wacheza ngoma, waimbaji, washereheshaji na ma-DJ wa Hai na vitongoji vyake. Sizungumzii malipo mliyopatana na kamati ya harusi. Hayo yana mkataba wake, na yanalipwa hata ukumbi ukiwa nusu tupu. Nazungumzia tuzo, ile noti inayotoka mfukoni mwa mgeni ambaye hakulazimishwa na mtu. Kikundi kinachojua kutuzwa kinaweza kurudi nyumbani na zaidi ya kilichoandikwa kwenye mkataba. Kisichojua hupiga usiku kucha, kikashangiliwa, kikaondoka na jasho.

Msingi wa kila nitakachosema ni huu: mgeni hatuzi kwa sababu umepiga vizuri tu. Anatuza kwa sababu umempa nafasi ya kuonekana akimheshimu mtu wake mbele ya watu wake. Ufundi wako ndio unaomwinua kitini, lakini noti inafuata heshima. Tazama taarabu ya pwani. Mwanamke anasubiri mpaka ufike ubeti unaosema lililo moyoni mwake, ndipo anainuka, noti imeinuliwa juu, anacheza taratibu hadi jukwaani, na ukumbi mzima unajua ujumbe umekwenda kwa nani. Angetaka kumlipa mwimbaji tu, angemwachia mtu wa mlangoni. Kinshasa nako wanamuziki wamejenga kipato kikubwa kwa kutaja ndani ya nyimbo majina ya watu wanaowagharimia. Na zamani, vikundi vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti vilipokuwa vikishindana katika miji ya Tanganyika, wafuasi walijinyima ili upande wao usiaibike. Hawa wote walikuwa wanatoa fedha hadharani kwa sababu hadhara ndiyo iliyoipa fedha maana.

Kazi yako, basi, ni kuiandaa hadhara hiyo.

Wajue watu kabla ya kuwapigia

Kikundi kikipokea malipo ya awali, swali la kwanza kwa kamati huwa ni saa ngapi na ukumbi gani. Ongeza la pili: nipeni watu. Omba kukaa na mtu mmoja wa upande wa bwana harusi na mmoja wa upande wa bibi harusi, hata kwa nusu saa kwenye simu. Unataka kujua ukoo wa kila upande, nani mkubwa wa ukoo aliye hai, shangazi gani amemlea binti, baba mdogo gani amelipa ada ya chuo, nani amesafiri kutoka mbali, wasimamizi wa ndoa ni akina nani, na ni nani kati ya wageni anayependa kucheza. Andika kwenye karatasi ngumu, herufi kubwa, kwa sababu taa za ukumbini huwa hafifu.

Kuna swali ambalo vikundi vingi husahau, na ndilo linaloharibu usiku: nani amefariki karibuni, na nani hawasemezani? Ukimwita kwa shangwe baba ambaye alizikwa Agosti, ukumbi utaganda na hakuna noti itakayotoka tena kwa muda mrefu. Ukiwaita pamoja ndugu wawili waliogombania kihamba, yaani shamba la ukoo, utakuwa umewapandisha jukwaani kwenye kesi yao. Uliza bila kuchimba. Unachohitaji ni majina ya kuepuka, sababu zao waachie wenyewe.

Huku kwetu jina la ukoo lina nguvu kuliko jina la mtu. Mshereheshaji akisema "namuona ndugu yetu Elia" anainuka Elia peke yake. Akisema "akina Swai wako wapi?" inainuka meza nzima, na nyuma yake akina Lema, akina Mushi, akina Nkya na akina Kweka wanaanza kuangaliana wakijiuliza zamu yao itafika lini. Lakini ita kwa utaratibu. Anza na wakwe, maana wao ni wageni wa heshima na haipendezi wasikie wenyeji wakitajwa kwanza. Kisha wakubwa wa ukoo. Kisha mashangazi na wajomba. Vijana waache mwisho. Wao hawahitaji kuitwa, wanahitaji kuachiwa nafasi.

Anayetuza wa kwanza ndiye anayeweka kipimo cha usiku. Wapo watumbuizaji wanaompa rafiki yao fedha zao wenyewe aje awatuze ili wengine waige. Siipendi mbinu hiyo, na kwa sherehe za vijijini siishauri kabisa. Watu wa Masama na Machame wanajuana. Kijana asiye wa ukoo wowote akiinuka na noti kubwa, swali la kwanza mezani ni huyu ni wa nani. Mwombe mwenyekiti wa kamati au baba mdogo mmoja akufungulie mlango, umweleze wazi kwamba unamwomba kwa sababu akiinuka yeye wengine watamfuata. Wengi hukubali kwa furaha, kwa kuwa tayari umewapa heshima.

Wakati wake na wimbo wake

Sherehe ya huku ina milango yake ya tuzo, na kila mlango una kimo chake.

Mlango mpana kuliko yote ni kuingia kwa maharusi, hasa kama matarumbeta ndiyo yanayoongoza. Watu wamesimama, wamebanana, simu ziko juu, na kila ndugu anataka kuonekana kwenye picha ya video akiwa karibu na maharusi. Tarumbeta za shaba zina mizizi mirefu mlimani; wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na vikundi vya tarumbeta vikawa sehemu ya ibada za Kilutheri hadi leo. Mzee aliyelelewa katika usharika akisikia tarumbeta anasimama kabla hajafikiri. Kwa hiyo usiharakishe mwendo. Vikundi vingi hukimbiza msafara hadi meza kuu ndani ya dakika tatu, halafu vinashangaa kuwa havikutuzwa. Patana na mshereheshaji kuwa msafara utasimama mara mbili njiani, mara moja mbele ya meza za wakwe na mara moja mbele ya wazazi. Pale unaposimama ndipo panapotoka noti.

Mlango wa pili ni ndafu. Mbuzi mzima aliyechomwa akiingizwa, wimbo wake usiwe ule ule wa kuingilia maharusi. Huu ni wakati wa wakwe, na wimbo uwe wa zamani unaojulikana na kina mama wa makamo, wenye kiitikio kifupi. Nimeona mara nyingi kikundi kikichukua wimbo mpya unaovuma mjini kwa ajili ya ndafu. Vijana wanashangilia, lakini mwenye fedha ya ndafu ni shangazi, na shangazi haujui wimbo huo.

Kuna wakati wa mama wa bibi harusi, nao ndio ninaouthamini kuliko yote. Mama ameuza mazao, amekopa kwenye kikoba, amepokea michango na kuhesabu kadi usiku. Mtengenezee dakika zake. Mpigie wimbo mmoja, mlete katikati, mwache acheze na bintiye, na umtaje kwa jina la mama wa fulani kama anavyoitwa nyumbani. Hapo utaona watu wanatuza bila kuitwa, na wanaomtuza mama wanakutuza na wewe unayempigia. Hakikisha tu noti zinazowekwa kwa mama zinakwenda kwa mama. Mweke msaidizi mwenye kikapu chake tofauti, na asiguse hata moja. Kikundi kinachochanganya fedha za mama na zake hakiitwi tena kwenye ukoo ule, na habari hiyo inafika Bomang'ombe kabla ya jua kuzama kesho yake.

Wakati wa zawadi usitafute tuzo. Watu wamebeba magodoro, majiko ya gesi na mabahasha, mikono imejaa na akili iko kwenye foleni. Wapigie mwendo mzuri wa kucheza na uwaache. Baada ya chakula nako tuzo hupungua. Watu wameshiba, na wanaokwenda mbali wanatafuta usafiri.

Mtu akija kukutuza, kuna namna ya kumpokea ambayo waimbaji wakongwe wanaijua kwa silika. Usikate wimbo. Rudia kiitikio, geuza uso na chombo chako umwelekee yeye, mpiga dramu atie alama ndogo ili ukumbi ugeuke, mtaje, mwinamie kidogo, mshukuru. Neno "aika" likitoka kinywani mwa kijana kwa mzee wa hapa linafika mbali kuliko asante tatu. Kama ni mkubwa wako, shikamoo kwanza. Kisha muachie nafasi arudi kitini. Mtu akikaa mbele ya jukwaa kupita kiasi anaanza kuona aibu, na aliyekuwa anajiandaa kuja nyuma yake anakata tamaa.

Na kamwe usitangaze kiasi. Najua kwenye harambee zetu tumezoea kusoma majina na tarakimu, lakini tuzo si harambee. Ukitangaza kuwa mjomba ametoa elfu kumi, umemfunga mdomo shangazi aliyeshika buku. Na shangazi wa buku ni wengi. Mashangazi thelathini wakija kila mmoja na elfu moja, hiyo ni shilingi 30,000, sawa na wajomba watatu wa elfu kumi, tena wamekuja mara thelathini na kuupasha ukumbi moto mara thelathini. Mpokee wa buku na wa elfu kumi kwa mwinamo ule ule.

Noti, sarafu na simu

Benki Kuu ilipoondoa noti za zamani kwenye mzunguko mwanzoni mwa 2025, noti ya shilingi 500 iliondoka nayo. Maana yake kwa mtumbuizaji ni kwamba tuzo ndogo ya karatasi sasa inaanzia elfu moja. Mtoto, bibi kizee au kijana asiye na kazi aliyekuwa anakuja na jero ya karatasi, leo ana sarafu, na sarafu haibandikwi kwenye paji la uso wala haiinuliwi juu ikaonekana. Mwekee ungo au kikapu kizuri kilichopambwa mbele ya jukwaa, ili sarafu yake ipate mahali pa heshima. Isilie kwenye bati.

Jambo la chenji ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mgeni kutoka Dar anakuja na noti nyekundu za elfu kumi alizotoa kwenye mashine. Anataka kucheza, anataka kutuza mara nyingi, lakini hataki kutoa elfu kumi kila mara. Kwa hiyo anakaa. Siku mbili kabla ya sherehe, nenda benki au kwa wakala unayemfahamu ubadilishe fedha zako ziwe noti za elfu moja na elfu mbili, safi, zisizochakaa. Mweke dada mmoja mwaminifu wa kikundi karibu na meza za katikati, mwenye mkoba, na mshereheshaji atamke kwa upole kuwa anayehitaji chenji yupo wa kumsaidia. Noti moja ya elfu kumi ikivunjwa inakuwa safari kumi za kwenda jukwaani. Hii peke yake, kama kikundi chako hakijawahi kuifanya, inaweza kubadilisha usiku wenu.

Noti isitupwe sakafuni. Tuzo iliyokanyagwa humdhalilisha aliyeitoa, na noti iliyochanika dukani inakataliwa. Wala msibane noti kwa pini za karatasi kwenye nguo, zinatobolewa bure.

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo wageni wengi, hasa vijana wa mjini, hawana hata noti moja mfukoni. Kuwa na Lipa Namba ya kikundi, si ya mtu binafsi, na jina litakalotokea kwenye simu ya anayelipa liwe jina la kikundi linalojulikana. Iandike kwa herufi nene kwenye bango linalosimama kando ya dramu kubwa, na nyingine ndogo kwenye meza. Tatizo la tuzo ya simu ni kwamba haionekani. Mtu anabonyeza akiwa kimya kitini, na heshima yote iliyokuwa kwenye mwendo wa kwenda jukwaani inapotea. Tibu hilo kwa makusudi: msaidizi mmoja akae na simu ya kikundi, kila muamala ukiingia amletee mshereheshaji jina, na mshereheshaji amwite aliyetuma aje apokee shukrani zake jukwaani, bila kutaja kiasi. Anayeitwa huja akicheza, na mara nyingi haji peke yake. Mwenye simu athibitishe kwa salio lililoingia kwenye simu ya kikundi. Ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mtu mwingine si uthibitisho.

Kwa wacheza ngoma wa kike nina neno la kusisitiza, na nalisema kwa moyo wote. Tuzo si ruhusa ya kumgusa mchezaji. Kila kikundi kiweke sheria yake mapema na kiitangaze mbele ya jukwaa: dada anapokea kwa mkono au kwa kikapu, basi. Mwanamume anayetaka kuweka noti kwenye kifua au kiunoni ajue msimamizi wa kikundi atasimama katikati yao, hata kama ana noti kumi. Kikundi kinachowalinda wachezaji wake hakipotezi fedha. Kina mama ndio wanaopendekeza vikundi kwenye vikao vya maandalizi, na kina mama wanakumbuka nani aliwaacha mabinti wakafedheheshwa.

Pale barabarani, na pale mlimani

Kati ya sherehe na sherehe kuna siku nyingi, na Kwa Sadala ni kituo. Magari ya Arusha, ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na ya Moshi yanapita, watu wanasimama kununua ndizi na nyanya, wanakula nyama choma. Mtumbuizaji anayecheza kwenye baa za barabarani anahitaji hesabu tofauti kidogo.

Hapa mfano ninaoupenda unatoka mbali. Mwaka 2003 Wamarekani walitoa mchezo wa kompyuta wa mtandaoni uitwao Star Wars Galaxies, uliochezwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, hadi ulipofungwa Desemba 2011. Mtu angeweza kuwa mpiganaji, fundi, mfanyabiashara, au mtumbuizaji anayecheza na kupiga muziki kwenye vilabu vya miji ya mchezo. Wapiganaji waliporudi kutoka vitani walikuwa na uchovu wa aina fulani ambao uliondolewa na jambo moja tu: kukaa kilabuni na kumtazama mtumbuizaji. Wakikaa, waliongea, na wakiondoka waliacha tuzo kwa fedha za mchezo. Wapo waliozipanga kompyuta zao ziendelee kucheza zenyewe huku wao wakiwa wamelala, na wenzao wakalalamika sana, maana hakuna raha ya kumtuza mtu ambaye hayupo.

Nayachukua mambo mawili pale. Msafiri aliyechoka hukaa, na anayekaa ndiye anayetuza. Kwa hiyo chagua baa ambayo watu wanakula na kupumzika, achana na ile wanayosimama dakika tano kununua soda. Na kuwepo kwako kuonekane. DJ anayebonyeza orodha ya nyimbo na kuinamia simu yake hapati kitu hata kama nyimbo ni nzuri. Inua uso, msalimie anayeingia, mwulize anatoka wapi, mpigie wimbo wa kwao. Mtu wa barabarani hutoa akiondoka, si akifika. Kapu lako liwe njiani kati ya meza na mahali pa kulipia. Patana na mwenye baa mapema kuhusu tuzo, asije akadai fungu baada ya kuona kikapu kimejaa.

Vijana wengi wa huku pia hupanda Kilimanjaro kama wapagazi na waongozaji, kupitia lango la Machame, na kuimba ni sehemu ya kazi yao. Wimbo wa Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms la Kenya, wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, umeimbwa kambini hadi wageni wanaufahamu kabla hawajapanda. Mlimani, usimwimbie mgeni kwa kutazama mfuko wake. Tuzo ya safari hutolewa siku ya mwisho kwa kikosi kizima, kwa kawaida wanaposhukia Mweka, na KPAP, shirika la kutetea wapagazi lenye ofisi Moshi, limekuwa likihimiza miaka mingi kiasi kitangazwe mbele ya wapagazi wote ili kisipotelee mikononi mwa wachache. Uimbaji wako unajenga tuzo ya wote. Jifunze majina ya wageni siku ya kwanza na uyaingize kwenye kiitikio. Mgeni aliyesikia jina lake mita 4,600, pale kambi ya Barafu, usiku wa kuelekea kileleni, analikumbuka. Hapa, tofauti na ukumbini, kiasi kitangazwe, kwa sababu anayelindwa ni mpagazi wa mwisho kwenye foleni.

Simu ya mkononi pia ni jukwaa. Kwenye matangazo ya moja kwa moja ya TikTok watazamaji hutuma zawadi zinazogeuka fedha, na mtandao wenyewe hukata sehemu kubwa kabla hujaona chako. Yale yale ya ukumbini yanafanya kazi: taja jina la aliyetuma mara tu zawadi inapotokea, mwulize yuko wapi, mpe dakika yake. Wachaga walio Uingereza na Marekani wasioweza kurudi Desemba watakusikiliza ukipiga tarumbeta za kwao. Lakini usirushe sherehe ya mtu hewani bila idhini ya familia.

Kugawana

Vikundi vingi vizuri vimevunjika kwa sababu ya tuzo, si kwa sababu ya ukosefu wake. Sheria iwe moja: fedha zinahesabiwa mbele ya wote kabla gari halijawasha injini. Watu wawili wanahesabu, wa tatu anaandika kwenye daftari, na salio la simu linasomwa kwa sauti. Hakuna anayeshuka njiani na kikapu.

Kisha toeni gharama za usafiri, na muweke sehemu moja kati ya kumi kwa ajili ya vyombo. Valvu ya tarumbeta inayokwama na ngozi ya dramu iliyolegea hugharimu zaidi mkisubiri zife kabisa. Kinachobaki kigawanywe kwa mafungu yanayojulikana kabla ya sherehe. Wapo wanaompa mpiga tarumbeta wa mbele fungu na nusu. Sina ugomvi nao kama wote walikubaliana wakiwa wamekaa, mchana, bila fedha mezani. Aliyekaa na mkoba wa chenji na aliyeshika simu wapate fungu kamili. Wao ndio waliozifanya noti zitembee, ingawa hakuna aliyewashangilia.

Mshereheshaji wa nje ya kikundi anastahili kitu pia, na mpatane naye kabla. Yeye ndiye anayeshika kipaza sauti. Asipowapa nafasi, hamna mlango hata mmoja utakaofunguka. Wote wawili, kikundi na mshereheshaji, jisajilini Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kamati za mjini huuliza usajili zaidi siku hizi, na ukiwa nao unapatana bei ukiwa umesimama wima.

Halafu kuna Januari. Wageni wanarudi mijini, na huko ndiko vikao vya harusi za mwaka unaokuja vinapoanzia. Waliotuza kwa simu, namba zao unazo tayari. Katika wiki ya kwanza ya mwaka mtumie kila mmoja ujumbe mfupi wenye jina lake, jina la sherehe, na picha au video fupi akicheza mbele ya kikundi, ikiwa familia imekubali. Mshukuru, usimwombe chochote. Weka jina la kikundi na namba mwishoni, na Lipa Namba usiiweke.